Asetoni kwenye boti za faiba: namna ya kuinunua, kuitumia na kuitunza usije ukajiunguza

Mi ni fundi wa boti za faiba hapa Tanga, kazi zangu nyingi ziko Deep Sea na mara moja moja naitwa Sahare, na kitu kimoja nimekiona kwa kila kijana mpya anayeingia kazini. Resini, ile gundi ya majimaji tunayoloweshea faiba, anaiogopa kwa sababu inanuka. Hadena, ile dawa ya kuikazisha resini, anaiogopa kwa sababu ameshaambiwa inapofusha. Ila asetoni anaichukulia kama maji ya kunawa, anaichota kwa mkono, anaiacha wazi kwenye beseni, anaifuta hata kwenye suruali. Sasa nimeamua niandike yote hapa kwa urefu ili nikiulizwa tena niwe natuma tu hii.

Kwanza ujue unashika nini

Asetoni kwa macho ni kama maji, haina rangi, harufu yake kali lakini ina utamu fulani hivi, dada zetu wanaijua kwa kutolea rangi ya kucha. Kikemia ni kitu kidogo sana, kaboni tatu, haidrojeni sita na oksijeni moja, ipo kwenye ukoo unaoitwa ketoni na yenyewe ndo mdogo wa ukoo mzima. Ile oksijeni iko katikati na inapatana na maji, alafu pembeni kushoto na kulia kuna vipande viwili vya kaboni ambavyo vinapatana na mafuta. Ndo maana inachanganyika na maji moja kwa moja bila kubaki tabaka na wakati huo huo inayeyusha grisi, rangi, gundi na resini ambayo haijakauka. Petroli haiwezi hivo, petroli na maji hawakai pamoja.

Lita moja ina uzito wa gramu 790 hivi, kwa hiyo ni nyepesi kuliko maji. Inachemka kwenye nyuzi 56 tu, na hapo tayari unaelewa kwa nini ukiimwaga kwenye sakafu ukigeuka haipo. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, basi asetoni ndo mwenyeji halisi wa mji huu. Ila haijaondoka kweli, imegeuka mvuke, na huo mvuke ndo habari yenyewe ya mwongozo huu. Kuna kipimo kinaonyesha ni kwenye joto gani mvuke wa kimiminika unaanza kukubali cheche, kwa asetoni ni karibu nyuzi 20 chini ya sifuri, yaani hata ukiitoa kwenye friza la samaki bado inashika moto. Na mvuke wake una uzito mara mbili ya hewa, haupandi juu kama moshi, unatambaa chini, unafuata mteremko, unaingia kwenye mashimo na chini ya boti. Ukifika asilimia 2.5 hivi ya hewa ya mahali hapo mpaka kama 13, cheche moja inatosha.

Kwa upande wa sumu siyo mbaya kihivyo ukilinganisha na wenzake tunaofanya nao kazi. Hata mwili wenyewe unaitengeneza kidogo, mtu mwenye kisukari kilichopanda sana pumzi yake inaweza kunuka asetoni na hiyo ni dalili ya kukimbizwa hospitali. Ukiivuta sana kichwa kinauma, unapata kizunguzungu, unakuwa kama mlevi, macho na koo vinawasha. Kwa hiyo ukiniuliza mi ntakwambia asetoni haina haraka ya kukuua kwa sumu, ina haraka ya kukuunguza.

Kidogo nje ya mada, Waingereza waliopigwa hapa Tanga Novemba 1914, wale waliokutana na risasi na nyuki, risasi zao zilikuwa na baruti ya kodaiti, na kodaiti ilikuwa haitengenezwi bila asetoni. Vita ilivyoendelea asetoni ikawa adimu kwao mpaka mkemia Chaim Weizmann, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa kwanza wa Israeli, akaonyesha namna ya kuipata kwa kuchachusha mahindi na bakteria. Yaani mahindi haya haya ya ugali. Siku hizi nyingi inatoka kwenye viwanda vya petrokemikali, inazaliwa pamoja na fenoli.

Kununua

Nunua duka linalouza vifaa vya faiba au rangi, ikiwa kwenye kopo au dumu lake lenye lebo, lenye ile alama ya moto. Kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa achana nako. Kwanza chupa zile zinaharibika, pili nyumbani kuna watoto na asetoni kwenye chupa ya maji inafanana na maji kabisa. Kama unataka kuleta mzigo mkubwa kwa ajili ya kuuza jua kabisa kuna Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, na wanaosimamia ni Mkemia Mkuu wa Serikali, unatakiwa usajiliwe. Alafu asetoni imo pia kwenye orodha ya kimataifa ya kemikali zinazochungwa kwa sababu watengeneza madawa ya kulevya wanaitumia, kwa hiyo usishangae ukiulizwa unaipeleka wapi.

Tatizo kubwa sokoni ni tina (ile ya kuzimulia rangi) kuuzwa kama asetoni, au asetoni iliyochakachuliwa kwa tina au petroli. Pima hivi. Chukua kichupa cha kioo, weka vijiko viwili vya asetoni, weka vijiko viwili vya maji safi, funga, tikisa, acha dakika tano. Asetoni ya kweli inachanganyika na kubaki angavu kama vile ulivyoweka maji matupu. Ikiwa nyeupe kama tui, au ukaona tabaka limekaa juu, humo ndani kuna tina au petroli. Kipimo cha pili weka matone matatu kwenye kipande cha kioo kilichooshwa, ikishakauka tazama kwa kuinamisha kwenye mwanga, ukiona doa la mafuta ujue hiyo ukifutia boti utakuwa unaipaka mafuta badala ya kuyatoa, na kiraka chako kitabanduka baharini mwenye boti aje akutafute na nanga mkononi.

Kipimo cha maji na kioo hakikuambii kama imeongezwa maji maana maji yenyewe inayakubali. Hapo utaijua kwa kuchelewa kukauka, ukiipaka kiganjani (kidogo tu) ya kweli inapotea kwa sekunde chache na kukuachia baridi, yenye maji inabaki unyevu.

Chombo cha kuiwekea

Hapa watu wanaumbuka sana. Asetoni inakula baadhi ya plastiki na nyingine haizigusi. Madumu magumu ya rangi ya maziwa au ya njano yale ya mafuta ya kula, mengi ni polithini nzito, yanavumilia. Kopo la bati ndo bora zaidi. Vikombe vyepesi vya mtindi na sahani nyeupe za kubebea chipsi hapana kabisa. Siku moja kijana wangu alichota asetoni kwa kikombe cha mtindi, akatembea nacho kutoka bandani mpaka kwenye boti, alipofika alikuwa ameshika ukingo tu wa kikombe, kitako kimebaki njiani na asetoni yote iko kwenye miguu yake. Tulicheka siku hiyo, ila fikiria kama kungekuwa na moto jirani.

Na lile boksi jeupe jepesi la kubebea samaki na barafu, lile linalomong'onyoka vipunje, likiguswa na asetoni linasinyaa na kuzama kama sukari kwenye chai. Hii ina maana kubwa kwa fundi. Kuna watu wanajaza vipande vya yale maboksi ndani ya boti iwe boya, alafu wanalaza faiba juu. Resini ya poliesta ina stairini, kimiminika chenye ile harufu yake kali, na stairini nayo inakula ile kitu vile vile, kwa hiyo unafunga boti nzuri kumbe ndani pana shimo. Kama unataka kujaza ndani tafuta povu la poliyurithini.

Hata miwani ya kazi, nyingi za plastiki angavu zinapata nyufa ndogo ndogo ukizifuta kwa asetoni. Zioshe kwa sabuni.

Panga mahali pa kazi kabla hujafungua kopo

Hapa ndo pa kukaa. Nitawaambia yaliyonikuta mwenyewe.

Ilikuwa asubuhi, bahari imelala kama mafuta, hakuna upepo hata wa kutikisa kuti. Banda letu lina mabati pande tatu na mbele pako wazi, na sakafu inateremka kuelekea mlangoni ili maji ya mvua yatoke. Nimekata dumu katikati nikalifanya beseni, nimeweka kama lita mbili za asetoni, naosha rola za jana ambazo zilianza kukaza. Mlangoni, hatua kama tano hivi, kijana amebandika chai kwenye jiko la mkaa, mkaa ameuwasha kwa mafuta ya taa na moto bado unarukaruka. Mi akilini mwangu hatua tano ni mbali. Nikasikia kitu kama pumzi, fuuu, alafu nikaona moto wa njano unakuja chini chini kwenye sakafu kutoka jikoni kuja kwangu. Siyo kutoka kwangu kwenda jikoni. Ulikuwa unafuata ule mvuke uliokuwa umejaa sakafuni kama maji tusiyoyaona, ukarudi mpaka kwenye beseni na beseni likashika.

Kijana mwingine akabeba ndoo ya maji. Nilimpigia kelele asimwage, maana ukipiga maji kwa nguvu kwenye beseni lenye moto unaisambaza, itaruka na kuwaka kila inapoangukia. Tulitupia mchanga, ndoo nne tano, tena mchanga tulikuwa tumeuweka kwa ajili ya kuchanganyia saruji siyo kwa ajili ya moto. Nilipoteza rola zote na nywele za miguuni, na huyu wa chai aliungua unyayo, wiki mbili hakuvaa kiatu. Banda lilipona kwa bahati tu.

Kwa hiyo tangu siku hiyo utaratibu wangu ni huu na siubadilishi. Asetoni haifunguliwi bandani kama hakuna upepo, tunatoka nje. Tunakaa upande ambao upepo ukipita kwetu unaenda baharini, usiende kwa mama lishe. Kipindi cha kaskazi na kipindi cha kusi upepo unageuka, kwa hiyo kona iliyokuwa salama Januari inaweza isiwe salama Julai, chukua mchanga mkavu au kipande cha uzi uone unaelekea wapi. Jiko, sigara, grainda, mashine ya kuchomelea, jenereta, hata swichi ya taa ndani ya chumba cha injini, vyote viwe mbali hatua ishirini na kuendelea na visiwe mteremkoni. Ndoo mbili za mchanga mkavu zinakaa karibu, na kama hela ipo kizimamoto cha unga cha kilo sita. Ukikuta moto umeshika kwenye kopo dogo, funika kwa mfuniko au bati uiondolee hewa. Ukiona umezidi uwezo, toka, piga 114 zimamoto, boti inatengenezwa nyingine.

Ndani ya boti yenyewe kuwa makini mara mbili. Boti ni beseni, mvuke mzito ukishaingia chini ya sakafu yake hautoki wenyewe. Kama lazima ufute ndani, fungua mifuniko yote, betri itolewe au nyaya zake zichomolewe kabla hujaanza siyo katikati, tumia tambara lililoloana kidogo badala ya kumwaga, na awepo mtu nje anayekuona. Ile barakoa ya kitambaa au ya hospitali inazuia vumbi, mvuke inaupitisha kama vile haipo, inatakiwa ile yenye vichujio vya mkaa. Kama huna, upepo ndo barakoa yako.

Kufuta boti kabla ya kuweka kiraka

Hatua zenyewe siyo nyingi ila mpangilio wake watu wanaukosea. Wengi wanapiga msasa kwanza alafu wanafuta. Matokeo yake ile grisi na nta iliyokuwa juu umeisukumia ndani ya mikwaruzo. Anza kwa kuosha kwa sabuni na maji baridi ya bomba, chumvi itoke, iache ikauke kabisa, ikiwezekana siku nzima. Alafu futa asetoni mara ya kwanza kutoa mafuta. Subiri ikauke, ondoa kopo na matambara mbali, ndo upige grainda au msasa namba 40 au 60 (grainda ikigusa boliti inatoa cheche, hilo unalijua). Ondoa vumbi kwa brashi kavu. Futa asetoni mara ya pili, kidogo.

Tambara liwe la pamba jeupe. Usikate khanga ya mama, rangi yake inahama na kubaki kwenye faiba. Shika mawili, moja lenye asetoni na lingine kavu, unapitisha la kwanza upande mmoja tu bila kuzungusha na papo hapo unafuatisha la pili kabla haijakauka, kwa sababu ukiiacha ikauke yenyewe inayeyusha mafuta pale, inayatandaza, alafu inaondoka na kuyaacha pale pale. Tambara likichafuka geuza, likichafuka tena badilisha.

Sasa kuna kitu nimekigundua kwa kuumia. Asetoni ikikauka inaondoka na joto, ndo ile baridi unayoisikia kwenye ngozi. Na faiba nayo inapoa hivo hivo. Kwa hewa yetu hii ya pwani yenye unyevu, hasa asubuhi wakati wa masika, sehemu iliyopoa inavuta umande mwembamba ambao huuoni vizuri kwa macho, ukiweka resini juu yake inashika unyevu na baadaye kiraka kinakuwa na weupe weupe na kinabanduka kama ganda la muhogo. Kwa hiyo ukishafuta subiri dakika kumi, kumi na tano, iguse kwa mgongo wa mkono uliovaa glavu safi, isiwe na baridi kuliko sehemu ya jirani. Kuanzia saa nne asubuhi jua likishakausha hewa kazi inakuwa nzuri zaidi kuliko saa kumi na mbili.

Asetoni inakusaidia pia kujua kama jelikoti (lile tabaka la rangi la nje ya boti) au resini yako imeiva. Siku ya pili chovya kitambaa, sugua sehemu ndogo kwa sekunde kadhaa. Ikibaki ngumu na kavu imeiva. Ikinata au ikitoa rangi kwenye kitambaa, hadena ilikuwa kidogo au unyevu uliingia. Ila resini isiyo na nta juu yake huwa inabaki inanata kidogo ikikutana na hewa, hiyo usiihesabu kama kosa.

Kuosha brashi na rola bila kumaliza dumu

Wengi wanatumia asetoni nyingi hapa kuliko kwenye kazi yenyewe. Chukua makopo matatu ya bati yenye mifuniko, kopo la maziwa ya unga linafaa. La kwanza lina asetoni chafu ya zamani, la pili ya kati, la tatu safi kiasi cha kuloanisha brashi tu. Kwanza kamua brashi kwenye karatasi au mbao resini itoke iwezekanavyo, alafu pitia kopo la kwanza, kamua, la pili, kamua, la tatu. Kila kopo linafunguliwa likihitajika na kufungwa hapo hapo. Kopo la kwanza likichoka acha litulie mpaka kesho, uchafu unakaa chini, ile ya juu iliyo angavu mimina taratibu irudi kazini. Hivi nusu lita inanipeleka mbali sana.

Osha kabla resini haijaanza kukaza. Resini ikishaiva asetoni haiyeyushi tena, itaivimbisha kidogo tu, hapo brashi ni ya kutupa. Na usiache brashi imelala ndani ya kopo usiku kucha, mpini wa plastiki na gundi ya nywele zake vitaachia.

Mambo ambayo sitaki kuyaona

Usichanganye asetoni na hadena. Nasema hili taratibu ili lieleweke. Hadena yetu ni peroksidi, na peroksidi ikikutana na asetoni inaweza kuzaa kitu kinacholipuka, kwa hiyo usiipunguze makali kwa asetoni, usitumie kikombe kimoja kupimia vyote viwili, na hadena ikimwagika usiifute kwa tambara la asetoni, imwagie maji mengi na ufute. Zikae sehemu mbili tofauti kabisa. Hivyo hivyo hadena na kobalti (ile dawa ya kuharakisha resini ikaze) haviwekwi pamoja moja kwa moja, kobalti inaingia kwenye resini kwanza, inakorogwa mpaka ipotee, hadena inafuata.

Usizimue resini kwa asetoni. Najua inashawishi ikiwa nzito, unaongeza kidogo inakuwa laini kama uji wa mgonjwa, ila ile asetoni inanaswa ndani wakati resini inakaza, inaacha vitundu na ulaini, faiba inakosa nguvu. Ili resini isianze kukuzidia uzito ukiwa kazini iweke kivulini isipate joto, changanya kidogo kidogo, na hadena punguza kwa joto letu hili.

Na usinawie mikono. Kila fundi mzee hapa ana mikono kama gome la mwembe, ni hiyo asetoni. Inatoa mafuta ya ngozi, ngozi inapasuka, alafu resini na stairini zinapata mlango wa kuingilia. Resini ikikushika mkononi paka mafuta ya kula au ya nazi, sugua na kitambaa mpaka iachie, malizia kwa sabuni. Glavu zile nyembamba za bluu za hospitali asetoni inazipita ndani ya dakika chache, utaona zimevimba na kulegea, kwa hiyo zikiloana vua tupa. Za butili, aina ya mpira, ndo zinavumilia kweli ila ni ghali na hazipatikani kirahisi. Mi natumia za mpira mnene za kuoshea vyombo kwa kuosha brashi haraka haraka, nikimaliza nazivua.

Kwa wenye saluni nao niwaambie, maana dada yangu yupo Ngamiani na kazi yake ni kucha. Kuloweka vidole vya mteja kwenye bakuli la asetoni siyo vizuri, loweka pamba uifunge kwenye ukucha tu, paka mafuta ngozi ya kuzunguka kwanza, na dirisha liwe wazi. Feni ipo sawa ila mshumaa wa kunukia na udi wakati kopo liko wazi hapana. Supagluu ikimganda mtu vidole asetoni inaitoa, taratibu bila kuvuta. Ikiwa ni machoni au mdomoni usiguse na asetoni, nenda hospitali.

Ikitokea imekupata

Machoni, maji safi yanayotiririka dakika 15 nzima ukiangalia saa, siyo kwa kukadiria, huku umeshika kope wazi, alafu nenda ukaangaliwe hata kama maumivu yametulia. Hadena ikiingia machoni ni hivyo hivyo ila hapo hata sekunde usipoteze, ndo maana ndoo ya maji safi inakaa karibu kila tunapochanganya. Nguo ikiloana ivue, usisubiri ikaukie mwilini karibu na moto wowote. Mtu akizidiwa na mvuke mtoe kwenye upepo alale kwa ubavu, na wewe usiingie ndani ya boti kumfuata bila mtu wa nje kukushika. Akiinywa, hasa mtoto, usimtapishe, usimpe maziwa eti yazimue sumu, beba kopo lenye lebo mwende nalo hospitali ya Bombo au kituo cha karibu, daktari anataka kujua ni nini hasa.

Kuitunza na kutupa mabaki

Kopo likae kivulini, chini, mahali hewa inapita, mbali na chumba mnacholala. Kumbuka inachemka nyuzi 56, na kopo likiachwa juani juu ya bati au ndani ya gari lililofungwa mchana wa Februari halihitaji muda mrefu kuvimba. Usilijaze mpaka shingoni, acha nafasi kidogo juu. Likiwa limevimba lipeleke kivulini lipoe kwanza, alafu fungua mfuniko taratibu uso ukiwa pembeni. Unapomimina gusanisha mdomo wa kopo na kopo, usirushe kutoka juu, inapunguza umeme wa msuguano.

Matambara usiyakunje ukayarundika kwenye kona. Yatandaze nje kwenye kamba, moja moja, yakauke kabisa ndo yaende kwenye taka. Yenye resini iliyotiwa hadena ndo mabaya zaidi, yanajipasha moto yenyewe, hayo yaloweke kwenye ndoo ya maji mpaka resini ikaze.

Kumwaga baharini au kwenye mtaro hapana, hata ikiwa nusu kikombe. Kwenye mtaro mvuke unasafiri mpaka kwenye jiko la mtu mwingine ambaye hajui lolote, na hata ikichanganyika na maji bado inaweza kuwaka. Ule uchafu mzito unaobaki chini ya kopo la kwanza mi nauweka kwenye bati pana nje, mbali na watu na moto, asetoni inaisha, inabaki resini. Natia hadena kidogo ikiwa imeshakauka asetoni yote, siyo kabla, ikikaza inakuwa jiwe na jiwe hilo ndo naliweka kwenye taka. Nikiwa na hata chembe ya shaka kama asetoni imeisha, naliacha bati lilale nje siku nyingine nzima.